Shairi Halijibiwi kwa Makofi

Kila mwenye jukwaa la ushairi wa Kiswahili siku hizi ana lalamiko moja, nami nimelisikia mpaka limenichosha. Husema: "Watu ni wengi, watungao ni wachache." Baada ya lalamiko hilo hufuata dawa zile zile. Waongezwe wanachama. Watolewe wanaokaa kimya. Itungwe kanuni ya kila mtu kuleta shairi kila Jumamosi. Atangazwe malenga wa wiki, apewe na cheti chenye nembo. Miezi miwili haipiti, hali imerudi ilivyokuwa, nyakati nyingine mbaya kuliko mwanzo, na mwenye jukwaa ameanza kuwalaumu vijana kwa uvivu na dunia kwa kuharibika.

Nasema dawa hizo ni za ugonjwa mwingine. Watunzi tunao, tena wa kutosha. Wajibuji ndio tuliowapoteza, na pasipo mjibuji mtunzi hana muda mrefu.

Tazameni kinachotokea. Mtu amekesha akihesabu mizani kwa vidole, ametafuta kina cha kati mpaka amekipata, na asubuhi analeta beti saba kuhusu bei ya mbolea, au ugomvi wa mirathi, au penzi lililomponyoka. Ndani ya dakika tano zimeshuka picha za makofi. Mmoja anaandika, "Heko malenga." Wa pili, "Wino wako usikauke." Wa tatu, "Tungo murua." Hakuna aliyesema kama kwao nako mbolea haishikiki. Hakuna aliyemtetea yule ndugu anayeshutumiwa katika mirathi. Hakuna hata aliyeuliza penzi lile lilivunjikaje. Kisha linaletwa shairi jingine, nalo linapokelewa kwa makofi yale yale kutoka kwa wapigaji wale wale. Mtunzi mwenye akili hang'amui kwa shida kwamba angeandika lolote angepigiwa makofi hayo hayo. Siku akilitambua hilo, huacha kuandika. Nasi huandika katika daftari letu kwamba amekuwa mvivu.

Ushairi wa Kiswahili haukukuzwa hivyo. Ulikuzwa na kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakutunga ili asifiwe barazani peke yake. Wakati Mombasa ya Wamazrui ilipokuwa ikivutana na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, tungo zake zilivuka bahari kama barua za vita, na kutoka Lamu Zahidi Mngumi akazirudishia majibu. Fikirini jambo hilo. Watu wawili wa miji yenye uhasama walisomana kwa makini kuliko tunavyosomana sisi tulio ndugu wa jukwaa moja. Huwezi kumjibu adui kwa vina vyake bila kuisikiliza kila silabi yake. Kupiga makofi huhitaji kusikiliza chochote.

Pemba nako walikuwapo Kamange na Sarahani, ambao tungo zao tumebahatika kuzipata katika kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla mwaka 2011. Kila mmoja alikuwa fundi kwa haki yake, lakini ukizisoma tungo zao kwa pamoja utaona jinsi mmoja alivyomnoa mwenziwe. Kisu hakinolewi kwa pamba.

Huko nyuma kabisa, katika ngoma za gungu za mwambao, washairi walifungiana mafumbo. Mmoja hufunga, mwingine hutakiwa kufungua, tena kwa utungo. Fumbo lililofungwa lilimlazimisha mtu kusimama. Aliyekuwa hajui angeweza kukaa, lakini alikaa akijua kwamba kuna swali lililobaki hewani, na usiku ule alilala nalo. Hebu nionyesheni shairi lililoletwa majukwaani wiki hii ambalo mtu alilala nalo.

Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa mashairi ya wasomaji. Karani wa bomani, mwalimu wa shule ya kijijini na mtu wa pwani waliweza kukutana katika ukurasa mmoja bila kuonana uso kwa uso. Shaaban Robert mwenyewe aliupitia mlango huo kabla jina lake halijawa kubwa. Jibu lilisafiri kwa posta, likapanga foleni kwa mhariri, likangoja toleo lijalo. Hata hivyo watu walijibizana. Leo jibu lafika kabla chai haijapoa, na hakuna anayelileta.

Kisha ikaja ngonjera. Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, walielewa jambo ambalo wenye majukwaa wa leo hawalielewi: kwamba ukitaka watu wengi washiriki, uweke ushiriki ndani ya umbo lenyewe la utungo. Ngonjera haisimami kwa sauti moja. Lazima awepo anayeuliza na anayejibu, anayeshikilia ujinga wake na anayembembeleza autoke. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, Mnyampala akiwa amekwisha kufariki, na sisi tuliokuwa shule za msingi katika muongo huo tuliziimba tukiwa tumesimama safu mbili juani. Wengi wetu hatukuwa na kipaji chochote. Lakini kila mmoja alikuwa na ubeti wake, na ubeti wake ulingojwa na mwenzake wa upande wa pili. Usipouimba, mwenzako anabaki mdomo wazi mbele ya wazazi. Huo ndio ushiriki. Haukuletwa na cheti.

Na wale wanaodhani kwamba malumbano huua ushirika, wakumbuke ugomvi wa mapokeo na usasa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipofuata na Malenga wa Bara mwaka 1976 kisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, moto uliwaka. Kuna waliosema utungo usio na vina wala mizani si shairi, na kuna waliosema vina si uti wa mgongo wa ushairi. Ugomvi huo uliwafanya walimu wafunue tena vitabu, wanafunzi wajaribu njia zote mbili, na wazee wa vina waandike kwa bidii mpya ili waonyeshe kwamba chombo chao hakijatoboka. Mimi nimekaa upande wa vina maisha yangu yote, na bado nasema waziwazi kwamba wapinzani wa vina walitutendea wema mkubwa kuliko wanaotusifu.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Katika jukwaa moja nililokuwamo alikuwamo mzee wa mwambao, mtu wa mashairi ya mishororo minne yaliyonyooka kama kamba ya mjenzi. Siku moja alileta beti sita akiuliza kama auze shamba la minazi aliloachiwa na baba yake ili amlipie mjukuu ada ya chuo. Aliuliza kweli, halikuwa pambo. Makofi yakashuka. Baada ya siku mbili akaleta beti tatu kulalamika kwamba hakuna aliyemsikia. Makofi yakashuka tena! Nilimjibu kwa beti nne, nikimshauri asiuze. Naye akanirudishia beti tano kwa vina vile vile, akanibomoa hoja zangu moja baada ya nyingine, kisha usiku akanipigia simu kunishukuru. Shamba aliliuza. Hakunikubalia hata chembe, lakini alifurahi kwa sababu alipata mtu wa kumkatalia.

Mwaka uliofuata mzee huyo alifariki. Tungo za tanzia zilimiminika siku tatu mfululizo. Nyingine zilikuwa nzuri sana, zenye vina vya machozi na vibwagizo vya kutetemesha. Walioziandika ni wale wale ambao hawakumpa hata ubeti mmoja alipokuwa anaweza kuusoma. Basi uwezo wa kutunga walikuwa nao. Muda walikuwa nao. Asiniambie mtu kwamba watu wetu hawajui kushiriki. Wanajua, ila tumewazoeza kwamba anayestahili jibu ni maiti.

Kundi la pili la wakosaji ni wale ninaowaita askari wa mizani. Hawa hawapigi makofi. Hawa hupiga virungu. Chipukizi akileta utungo wake wa kwanza, wao humngoja kwenye kona. Niliwahi kumwona msichana wa sekondari akianza hivi:

Nimekuja barazani, ndugu zangu nawasalimu

Akaambiwa amenajisi bahari ya tarbia, akajifunze kwanza ndipo aje mbele za watu. Hakuja tena. Waungwana, hesabuni pamoja nami. Ukwapi una mizani nane: ni-me-ku-ja ba-ra-za-ni. Utao una tisa: ndu-gu za-ngu na-wa-sa-li-mu. Silabi moja imezidi. Moja! Angeambiwa, "Binti yangu, aleiki salamu, karibu, ondoa hiyo 'wa' useme ndugu zangu nasalimu, mshororo utakaa," angejua mizani tangu siku hiyo mpaka kufa kwake. Ilihitajika sekunde chache za ualimu. Badala yake alipewa hukumu, na jukwaa likampoteza mtu ambaye alikuwa tayari amefanya jambo gumu kuliko yote, yaani kufungua kinywa mbele ya wageni.

Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alizikusanya sheria zile katika kitabu ili asiyejua ajue. Kuzigeuza kuwa geti la kuwafungia wanaobisha hodi ni kuidhulumu kazi yake. Nimefundisha miaka mingi, na sijapata kuona mwanafunzi aliyejifunza kuogelea akiwa amefungiwa nje ya maji.

Wenye majukwaa watanijibu kwamba tukiwakaribisha hivi wasiojua, ubora utashuka. Nawauliza: ubora upi? Ule unaopigiwa makofi bila kusomwa? Ubora hulindwa na wasomaji wakali wenye upole, na wasomaji hao huzaliwa kwa kujibu. Mtu aliyejibu mashairi hamsini ya wenzake atajua tofauti ya kina cha kulazimisha na kina kilichokuja chenyewe, hata kama hajafungua kitabu cha arudhi. Mtu aliyetoa mashairi hamsini yake mwenyewe bila kusoma la mwingine atabaki alipoanza, ila na kiburi zaidi.

Tuje kwa wakimya, hawa wanaotishiwa kufukuzwa. Hapa natofautiana kabisa na rafiki zangu wengi. Kundi moja la WhatsApp laweza kubeba watu 1024, na mwenye kundi akitazama orodha yake akaona kumi tu ndio wasemao, hukasirika kama mwenye shamba aliyeona magugu. Lakini msikilizaji si gugu. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, na hakuacha diwani iliyochapwa. Tungo zake zilibaki vinywani na vichwani mwa watu wa Mombasa, mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya miongo kadhaa baadaye akishirikiana na Mwingereza William Taylor. Na diwani yenyewe haikuchapishwa hadi mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens. Nani walizihifadhi kwa muda wote huo? Wengi wao walikuwa watu ambao hawakutunga lolote. Walikaa, wakasikia, wakashika. Kama Mombasa ya zamani ingekuwa na kanuni ya kumtimua kila asiyeleta utungo Jumamosi, leo tungekuwa na Muyaka wa jina tu.

Kwa hiyo mwenye jukwaa na amwache mkimya akae. Ila amwachie mlango ulio mwepesi kupita. Kumwambia mtu ambaye hajawahi kutunga alete shairi zima la beti saba ni kumwambia anayejifunza kupika aanze na pilau ya harusi. Mwambie afumbue fumbo kwa neno moja. Mwambie alete methali ya kwao inayokubaliana na ubeti wa fulani. Mwambie aeleze neno moja la lahaja yake ambalo malenga ametumia na wengine hawalijui. Mtu wa Pate, wa Makunduchi, wa Tanga, wa Bukavu, kila mmoja ana msamiati ambao mwenzake hana. Akijibu kwa neno leo, kesho atajibu kwa mshororo, na mwezi ujao atakuletea ubeti ambao mwenyewe hajui aliutoa wapi.

Kuhusu vyeti na vyeo sina maneno mengi. Tuzo kubwa zina kazi yake. Ile ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014, na ya Mwalimu Nyerere iliyokuja baadaye hapa Tanzania, zimewapa waandishi wetu heshima na uchapishaji, na Mungu azidishe. Ninachopinga ni cheti cha wiki katika kundi la marafiki. Cheti hicho humpa mmoja na huwanyima thelathini, tena mara nyingi humpa yule yule. Na aliyekwisha kuitwa malenga wa wiki haoni sababu ya kumjibu asiyeitwa.

Ipo hofu moja ya kweli, nayo siidharau. Watu huniambia: "Mwalimu, tukianza kujibizana tutaishia kutukanana." Hutokea. Mwambao unayakumbuka mashairi ya Kimondo ya Lamu, katikati ya miaka ya 1970, pande mbili za uchaguzi ziliporushiana tungo kwa kanda za kaseti, na maneno yakawa makali. Lakini ni makali ya ushairi. Yalifikiriwa, yakapimwa, yakapigwa mizani. Anayelazimika kutafuta vina kumi na sita kabla hajatukana, hasira humpungua njiani, na asipopungukiwa basi angalau tumepata shairi. Matusi ninayoyaona leo hutoka kwa watu waliojibizana kwa nathari ya haraka baada ya mtu kukosolewa faraghani au hadharani bila adabu. Kujibizana kwa utungo kuna adabu zake: umsalimu mwenzako, umtaje kwa jina au lakabu yake, uirudie hoja yake kwa haki kabla hujaipinga, na umjibu kwa bahari ile ile na vina vile vile. Kuvaa vina vya mwenzako ni heshima. Unaingia nyumbani kwake na kukaa katika kiti chake kabla hujamwambia paa linavuja.

Basi ninachokidai ni hiki. Kwanza, kila jukwaa liweke sharti moja tu: ukitaka kuleta shairi lako, jibu kwanza la mwenzako. Ubeti mmoja watosha. Asiyeweza ubeti aandike sentensi mbili za hoja, ila makofi yasihesabiwe kuwa jibu.

Pili, kila wiki lifungwe fumbo moja kwa shairi, na ufumbuzi wake usitolewe mpaka watu wametoa majibu yao. Mwenye jibu lisilo sahihi ashukuriwe sawa na mwenye jibu sahihi, kwa kuwa wote wawili wamelala na swali.

Tatu, anayekosoa chipukizi akosoe kosa moja tu kwa kila utungo, na aonyeshe marekebisho yake papo hapo. Akishindwa kuonyesha marekebisho, anyamaze. Wazee tuanze sisi. Tuna muda na tumekwisha kustaafu, tunangoja nini?

Nne, mwenye jukwaa aache kuhesabu wanachama, ahesabu majibu. Jukwaa la watu ishirini ambamo kila shairi hupata majibu mawili ni kubwa kuliko la watu elfu wanaopiga makofi.

Wapo watakaosoma haya na kuniandikia, "Makala murua, Mwalimu." Nawaomba kwa heshima wasifanye hivyo. Kama nimekosea, nipingeni. Kama nimesema kweli, ongezeni nilichosahau. Na ili mlango uwe mwepesi kwa aliyekimya tangu mwaka juzi, nafunga fumbo hapa. Mwenye neno moja alete neno, mwenye ubeti ajibu kwa vina hivi hivi, *-ni* na *-ka*, mizani nane kwa nane.

Mali yangu i shimoni, mchana kutwa yatoka,
Waichotapo jirani, haipungui hakika,
Nikiwakanya wendani, yaoza kisha yanuka,
Malenga, lifumbueni, fumbo langu nawatwika.